Rangi zangu tatu nimezitoa kwenye gurudumu la rangi, mbona zinagombana?

Chaki_na_Kalamu

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla sijamrudia mteja.

Nasanifu tovuti, bango na kadi za uanachama za maktaba ya watoto. Ni mara yangu ya kwanza kuachiwa rangi zote nichague mwenyewe. Kazi zilizopita nilikuwa nakuta nembo ipo na rangi zake zipo, mimi napanga tu. Safari hii nikafanya kama nilivyosoma: nikachukua gurudumu la rangi, lile duara lenye rangi zote zimepangwa kwa mzunguko, nikachora pembetatu ya pande sawa, nikapata nyuzi 30, 150 na 270. Ukolezi, yaani ukali wa rangi, nikaweka asilimia 100 na mwangaza asilimia 50 kwa zote tatu, ili pasiwe na inayoizidi nyingine. Zikatoka hizi, kwa namba zake za skrini:

#FF8000, rangi ya chungwa
#00FF80, kijani
#8000FF, zambarau

Sehemu ya juu ya tovuti ni zambarau. Vitufe ni vya kijani vyenye maandishi meupe. Vichwa vya habari ni rangi ya chungwa kwenye ukurasa mweupe. Mteja aliangalia muda mfupi tu akasema macho yanamuuma na hajui aanze kusoma wapi. Nimeizungusha ile pembetatu mara saba na kubadilishana nafasi za rangi, hali ni ile ile.

Kama gurudumu linasema rangi hizi zinapatana, kosa liko wapi? Na kuna njia ya kuchagua isiyokuwa ya kubahatisha? Zambarau sitaki kuiacha. Watoto wa maktaba ile waliichagua wenyewe kwa kupiga kura, na nimewaahidi itabaki.

Mstari_Mnyoofu

Mkuu, punguza ukolezi kwenye zote na acha nafasi tupu zaidi. Mimi hufuata mgao wa 60, 30 na 10: asilimia 60 ya ukurasa rangi tulivu, 30 rangi ya pili, 10 ile kali ya kuvuta jicho. Jaribu hivyo kwanza kabla ya kuanza upya.

Fundi_Wino

Mdogo wangu, pole, lakini kazi yako haijaharibika. Nilichanganya wino kwenye karakana ya uchapaji kwa miaka 14 kabla sijahamia kwenye skrini, na tatizo lako nimelikuta mara nyingi sana mikononi mwa watu wenye bidii kama wewe. Nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Gurudumu linakuambia jambo moja tu: rangi ni ya ukoo gani. Halisemi imekaa karibu na nyeupe au na nyeusi, halisemi ni kali au imepoa, wala halisemi itapewa eneo kubwa kiasi gani kwenye ukurasa. Mchoraji Mmarekani Albert Munsell alilishughulikia jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1905 alichapisha mfumo unaoipa kila rangi vipimo vitatu, yaani ukoo wake, mwangaza wake na ukolezi wake. Wewe kipimo cha kwanza umekichagua kwa makini. Viwili vilivyobaki umevisawazisha, ukaamini kwamba zikilingana zitapatana. Rangi tatu zinazopiga kelele kwa sauti moja haziwezi kupatana, kwa sababu hakuna inayokubali kusikiliza.

Halafu, usawa wenyewe haupo. Ile "mwangaza asilimia 50" ni hesabu ya namba za skrini, jicho haihusiki nalo. Jicho la mtu huipa kijani uzito mkubwa kuliko rangi zote za skrini. Katika hesabu ya kawaida ya mwangaza wa skrini, kijani kinachangia asilimia 71.52, nyekundu 21.26, na bluu 7.22 tu. Nimezipiga hesabu hiyo rangi zako tatu. Tukisema nyeupe ni 100, zambarau yako ni kama 12, rangi ya chungwa ni kama 37, na kijani ni 73. Kijani chako kinatoa mwanga mara sita ya zambarau, ilhali programu imekuambia ziko sawa!

Fanya jaribio hili sasa hivi kabla hujasoma mbele. Piga picha ya skrini ya ukurasa wako, iondolee rangi yote ibaki kijivu. Utaona maandishi ya vitufe yametoweka. Nyeupe kwenye kijani chako ina uwiano wa utofauti, yaani mwanga wa rangi moja ukilinganishwa na wa nyingine, wa 1.3 kwa 1. Vichwa vya habari vya rangi ya chungwa kwenye nyeupe ni 2.5 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Mteja wako hakukosea aliposema hajui aanze kusoma wapi. Macho yake yalikuwa yanatafuta herufi ambazo karibu hazipo.

Sasa njia ninayoifuata mimi. Naanza na kijivu. Ukurasa mzima naupanga kwa vijivu vitano, kutoka karibu nyeupe hadi karibu nyeusi, na siachi kijivu mpaka niweze kuusoma nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye skrini huku nimefumba macho nusu. Kufumba macho nusu nilijifunza karakanani: maelezo madogo yanapotea na yanabaki mabaka ya giza na mwanga tu, na hapo ndipo unajua kama bango litashika ukuta au halitashika. Watu wanadhani rangi ndiyo inayobeba ukurasa. Kwa uzoefu wangu ngazi za giza na mwanga ndizo zinazobeba, na zikiwa imara utashangaa jinsi rangi yoyote ile inavyokaa juu yake kwa adabu.

Baada ya hapo nachagua mkubwa wa nyumba. Mmoja tu. Kwako ameshachaguliwa na watoto, ni zambarau, na bahati yako ni nzuri kwa sababu kiasili zambarau ina nguvu ikiwa chini, kwenye giza. Njano ni kinyume chake: ukiishusha inakuwa tope, nguvu yake iko juu karibu na nyeupe. Ndiyo maana kulazimisha rangi zote zikae kwenye ngazi moja ya mwangaza ni kuziumiza. Kila ukoo una mahali pake pa kung'aa.

Halafu nazipoza nyingine. Karakanani, wino ukiwa mkali kupita kiasi hatukuwa tunakimbilia nyeusi, maana nyeusi huifanya rangi ionekane chafu. Tulidondosha kidogo wino wa rangi inayoikabili kwenye gurudumu: tone la nyekundu kwenye kijani, tone la bluu kwenye chungwa. Rangi inatulia bila kufa. Kwenye skrini utafanya kazi hiyo kwa kushusha ukolezi, lakini usishushe zote kwa kiasi kimoja (samahani Mstari_Mnyoofu, hapo ndipo tunapotofautiana), kwa sababu zikishuka pamoja zitabaki zinagombana vile vile, ila kwa sauti ya chini.

Na usisahau kijivu chako na nyeupe yako. Nyeusi tupu kwenye nyeupe tupu huonekana kama imetoka nyumba nyingine. Tia tone la zambarau kwenye nyeusi ya maandishi. Ukurasa upe joto kidogo, kwa kuwa zambarau ni ya baridi.

Nimekupangia hii uijaribu:

Maandishi: #2B1F3D
Ukurasa: #F7F4EE
Zambarau, mkubwa wa nyumba: #5B3A8C
Rangi ya chungwa: #E8892B
Kijani: #7FA38F

Maandishi kwenye ukurasa yana uwiano wa karibu 14 kwa 1. Zambarau kwenye ukurasa ni karibu 7.9, kwa hiyo vichwa vya habari viandike kwa zambarau, si kwa chungwa. Kitufe kiwe cha rangi ya chungwa na maandishi yake yawe meusi ya zambarau, utapata karibu 5.9. Usiandike nyeupe kwenye chungwa, hata kama umeona watu wengi wanafanya hivyo. Kwa rangi hii utapata 2.6 tu.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Rangi haina sura yake peke yake, sura yake inategemea jirani. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, hasa zikifumwa kando ya bluu na zambarau. Alipozichunguza akakuta rangi ya nyuzi haina kasoro. Ni majirani zake waliokuwa wanaifanya ionekane imefifia. Utafiti huo aliuchapisha kitabu kizima mwaka 1839. Nakueleza haya kwa sababu kijani nilichokupangia ukikitazama peke yake kwenye mraba mweupe utakiona kimepauka, utanilaumu. Kiweke kando ya zambarau ndipo ukihukumu. Usichague rangi yoyote ikiwa peke yake.

Jicho_Jingine

Dada Fundi_Wino, maelezo yako nimeyasoma mara mbili, lakini naomba nizuie kitu kimoja kabla hakijachapwa.

Mimi nina upofu wa rangi, ule wa nyekundu na kijani. Hatuko wachache. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hukadiriwa kuwa takriban mwanaume mmoja kati ya 12 ana hali hii, na mwanamke mmoja kati ya 200. Nimezifungua hizo rangi tano kwenye skrini yangu. Zambarau, maandishi na ukurasa naviona vizuri kabisa. Chungwa na kijani, nikiviweka bega kwa bega, naona rangi mbili zinazofanana kiasi cha kunitia shaka kama ni mbili. Nikapima: uwiano kati ya #E8892B na #7FA38F ni 1.07 kwa 1. Yaani ukizigeuza kuwa kijivu, kama ulivyofundisha mwenyewe hapo juu, ni kijivu kimoja.

Mtu asiye na hali yangu hatahangaika, ukoo wa rangi utamsaidia kutofautisha. Mimi ukoo haunisaidii. Kilichobaki kunisaidia ni mwangaza, na mwangaza mmeulinganisha.

Chaki, kwenye hizo kadi unatumia rangi kwa maana fulani, au ni pambo tu?

Chaki_na_Kalamu

Kwa maana, kaka. Kwenye tovuti kitabu kilichopo kina alama ya duara la kijani, kilichoazimwa kina duara la chungwa. Hakuna maandishi pembeni.

Jicho_Jingine

Basi hapo mtoto mwenye macho kama yangu ataona maduara mawili yanayofanana na atauliza kila kitabu kama kipo. Nimekuwa mtoto huyo. Darasani tulipewa ramani ya kupaka rangi, nikapaka misitu kwa kahawia, na sikuelewa kwa nini ilirudishwa. Weka neno pembeni, "kipo" na "kimeazimwa", au badilisha umbo: duara kwa kimoja na mraba kwa kingine. Rangi isiachwe peke yake kubeba habari.

Fundi_Wino

Jicho_Jingine, umenisahihisha na ninashukuru kwa dhati. Nilipima kila rangi dhidi ya maandishi na dhidi ya ukurasa, sikupima chungwa dhidi ya kijani. Rangi zinazogusana zote zinapaswa kupimana.

Chaki, badilisha kijani kiwe #CFE0D4. Kimepanda sana juu, kimekuwa rangi ya usuli wa visanduku badala ya rangi ya kushindana na chungwa. Uwiano wake na chungwa sasa ni 1.9, na maandishi meusi ya zambarau juu yake yanafika 11. Kina faida nyingine pia: sasa una ngazi zilizo wazi, kutoka maandishi, kwenda zambarau, kwenda chungwa, kwenda kijani, hadi ukurasa. Hakuna mbili zilizokaa ngazi moja. Maneno "kipo" na "kimeazimwa" yaweke, hilo halina mjadala.

Mstari_Mnyoofu

Nimekubali kuhusu kushusha ukolezi kwa kiasi kimoja, nimejaribu kwenye kazi yangu na nimeona. Ila mgao wa 60, 30 na 10 bado nautetea. Umenisaidia sana wakati najifunza.

Fundi_Wino

Na mimi siupingi. Ni mgao mzuri wa kuanzia, hasa kwa mtu ambaye rangi zake zote zinataka nafasi sawa. Kwa ukurasa wenye maandishi mengi mimi huishia na rangi kali chini ya asilimia 5, kwa sababu kitufe kimoja cha chungwa kwenye ukurasa mtulivu kinaonekana kuliko vitufe sita.

Chaki_na_Kalamu

Dada Fundi_Wino, kaka Jicho_Jingine, nimekesha na hii kazi na nina furaha nashindwa kukaa kimya.

Nilianza na vijivu vitano kama ulivyosema. Hapo peke yake niligundua kosa ambalo halikuhusu rangi kabisa: kichwa cha ukurasa, kisanduku cha kutafuta na picha ya kwanza vyote vilikuwa kijivu cha katikati, kwa hiyo hata bila rangi jicho halikuwa na pa kutua. Nikashusha kichwa kikawa giza, nikapandisha kisanduku. Nilipoweka rangi juu yake, hata sikuhitaji kusogeza kitu.

Kile kijani, kweli, kwenye mraba mweupe nilikiona kama karatasi iliyofifia. Kando ya zambarau kimekuwa hai. Nilikaa nakiondoa na kukirudisha kama mara kumi kwa sababu sikuamini ni namba ile ile.

Nina maswali mawili yamebaki. Moja, mteja anataka na sura ya giza kwa wanaosoma usiku. Nimegeuza tu rangi, ukurasa ukawa #2B1F3D na maandishi #F7F4EE, lakini vichwa vya habari vya zambarau vimezama. Pili, ujumbe wa kosa, kwa mfano namba ya kadi ikiandikwa vibaya, niutumie rangi ya chungwa au niongeze nyekundu?

Jicho_Jingine

La pili nalijibu mimi: chungwa tayari umeipa kazi ya "bonyeza hapa". Ukiipa na kazi ya "umekosea" itakuwa inasema mambo mawili. Ongeza nyekundu, weka na alama ya mshangao na sentensi inayosema kosa ni nini.

Fundi_Wino

Kweli kabisa. Chukua #B3261E, kwenye ukurasa wako inafika karibu 6 kwa 1, na usiitumie popote pengine, hata kwenye picha ya mapambo.

Sura ya giza: zambarau yako ilizaliwa kukaa kwenye ukurasa mweupe. Kwenye giza uwiano wake umeshuka hadi 1.8, ndiyo maana imezama. Ukoo usiubadilishe, panda ngazi: #B79BE0 itakupa karibu 6.4 kwenye usuli ule, na kila mtu ataitambua kuwa ni zambarau ile ile. Nyekundu ya makosa nayo ipandishe vivyo hivyo. Chungwa iache ilivyo, ilishapima 5.9 na usuli huo.

Kwa kupanda na kushuka ngazi bila kuharibu ukoo, nakushauri uachane na vile vitelezi vya ukolezi na mwangaza ulivyoanzia, utumie oklch, namna nyingine ya kuandika rangi kwa mwangaza, ukolezi na ukoo. Msingi wake ni Oklab, mfumo uliochapishwa na Björn Ottosson mwaka 2020, na vivinjari vya sasa vinauelewa moja kwa moja. Mwangaza wake unakaribia sana ule ambao jicho linauona, kwa hiyo ukisogeza kitelezi cha mwangaza peke yake, ukoo hautetereki sana. Kwenye ule wa zamani bluu ukiipandisha mara nyingi inageuka zambarau mbele ya macho yako.

Bango na kadi bado. Kile kijani chako cha mwanzo, #00FF80, wino nne za kawaida za uchapaji zisingeweza kukitoa hata kidogo. Kingetoka kimefifia na mteja angedhani mashine ni mbovu. Rangi hizi mpya ziko karibu zaidi na uwezo wa wino, lakini zambarau huwa ina tabia ya kuelemea bluu ikichapwa. Kabla ya kuchapa zote omba kipande kimoja cha majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Kitazame dirishani mchana, kisha kitazame chini ya taa ya maktaba yenyewe, kwa sababu rangi mbili zinazolingana kwenye mwanga mmoja zinaweza kuachana kwenye mwanga mwingine. Zambarau ikionekana ya bluu, mwambie mchapaji apunguze wino wa bluu-samawati kidogo, na umpe kipande kilichokupendeza akishikilie mkononi wakati mashine inazunguka. Namba za skrini mashineni hazimsaidii.

Chaki_na_Kalamu

Nimeagiza vipande viwili, kimoja kwenye karatasi inayong'aa na kingine isiyong'aa. Nitaviweka kwenye meza ya maktaba, watoto wavione kabla ya mteja.